Mji wa Kale wa Lamu: Matembezi ya Siku Moja
Ngome iliyo mbele yako, iliyoanzwa kujengwa baada ya Vita vya Shela na kutimizwa mwaka 1821, ilikuwa kituo cha askari, kisha gereza, na leo ni makumbusho. Ukiiacha nyuma, ukapita taratibu katika vichochoro ambamo punda ndio wachukuzi, utaziona nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zenye madaka ya kupokelea wageni, zidaka za kupamba kuta, na milango iliyonakishiwa kwa ustadi. Mji huu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ungali maskani ya watu. Basi watolee wenyeji salamu, na uombe idhini kabla ya kupiga picha.