Kunde za Migwani na shamba la Mirihi

Leo naweka kando mambo ya programu, tuongee habari za mboga. Ndiyo, mboga! Lakini si zile za sokoni. Nazungumzia mboga ambazo siku moja zitaliwa na watu wakiwa kwenye sayari ya Mirihi. Hadi leo hakuna mtu aliyefika huko, ila swali la watakula nini lilianza kutafutiwa majibu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mimi kwetu ni Migwani, kaunti ya Kitui, na kadiri ninavyosoma historia hii ndivyo ninavyoona mambo ya nyumbani. Vuteni subira, mtaona nina maana gani.

Tuanze na tatizo lenyewe. Nafasi nzuri ya kurusha roketi kwenda Mirihi hupatikana mara moja kila miezi 26 hivi, na safari huchukua yapata miezi saba. Chakula kikiisha huwezi kupiga simu uletewe. Hata kile cha pakiti kikiwepo, vitamini C na B1 hupungua kadiri kinavyokaa. Basi mtu wa huko itambidi alime.

Sisi Wakamba hali kama hiyo tunaijua kwa jina, maana njaa zetu kubwa hupewa majina. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Mwaka 1984 ikaja Nikw'a Ngwete, "nakufa nikiwa nimeshika". Umeshika nini? Pesa! Watu walikuwa na pesa mkononi lakini hakuna chakula cha kununua. Kwangu mimi majina hayo mawili yanaieleza shida ya Mirihi yote: usubiri cha kutoka juu, au ufe na mali yako mkononi.

Sasa tuingie kwenye historia. Mwaka 1971 Wasovieti walirusha Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga, na ndani yake kulikuwa na kibustani kilichoitwa Oazis. Mwaka uliofuata, kule Krasnoyarsk, Siberia, wakakamilisha BIOS-3, nyumba iliyofungwa kabisa. Watu waliishi humo kwa miezi kadhaa wakivuta hewa iliyosafishwa na mimea, wakila ngano na mboga walizozilima humo humo. Wamarekani nao walipeleka mtambo uitwao Veggie kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2014. Tarehe 10 Agosti 2015, Scott Kelly, Kjell Lindgren na Kimiya Yui wakala saladi nyekundu iliyooteshwa huko huko juu.

Lakini kituo cha anga ni jirani tu. Mirihi ni habari nyingine. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua kwamba udongo wa huko una chumvi za pakloreti, ambazo ni sumu kwa binadamu. Hewa yake ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja kwa mia ya huu wa kwetu. Kwa hiyo shamba la Mirihi litakuwa ndani ya nyumba, chini ya taa, na kila tone la maji litarudishwa kazini. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mitambo ya kituo cha anga imefikia kurejesha asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo.

Niliposoma hiyo nilimkumbuka susu, nyanya yangu. Kwake maji ya kuoshea mboga hayakumwagwa. Yaliosha sufuria, halafu yakaenda kwenye kunde nyuma ya jikoni. Hakuwa na mtambo. Alikuwa na mwendo mrefu hadi mtoni, na jerikeni mgongoni.

Na sasa tufike kwenye kunde zenyewe. Tarehe 30 Desemba 2024 India ilirusha roketi iliyobeba kisanduku kidogo cha kuoteshea mimea. Mbegu zilizowekwa ndani zilikuwa nane, na zote zilikuwa za kunde! Zilichipua ndani ya siku nne, baadaye zikatoa majani. Ndiyo hizi hizi tunazoziita nthooko, mmea wa Afrika unaoliwa majani na punje, unaostahimili ukame na kurutubisha udongo. Kabla ya hapo, Novemba 2022, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na IAEA yalipeleka mbegu za mtama angani, zikarudi mwaka 2023. Lengo lao halikuwa kulisha wanaanga. Walitaka kuona kama mionzi ya huko itazaa aina zitakazoivumilia dunia inayozidi joto.

Ukambani utafiti wa namna hii si mgeni. Kituo cha Katumani, Machakos, kimechagua mbegu za nchi kavu kwa miongo mingi. Kunde aina ya M66 na K80 zimetoka huko, na herufi zake ndizo Machakos na Katumani. Hata hivyo wengi wetu bado tunapanda mahindi, mvua inakatika, tunalia. Kunde na mtama tumeviita chakula cha maskini.

Mimi mwenyewe sina la kujisifu. Juzijuzi nilimtengenezea mama mfumo wa kumwagilia sukuma wiki kwa matone, na kidude cha kufungua maji chenyewe. Nilitaka kifungue saa kumi na mbili asubuhi, nikaandika 12. Kompyuta ikaelewa saa sita mchana! Kwa wiki mbili maji yalitoka jua likiwa utosini, nami niko Nairobi najiona fundi. Mama aliponipigia simu, sukuma zilikuwa zimekauka na tangi limebaki tope. Kunde zake, ambazo sikuziwekea bomba, zilikuwa zimesimama.

Programu ikikwama unaiwasha upya. Mmea hauwashwi upya, na kwenye Mirihi kosa kama langu ni Nikw'a Ngwete. Sisemi kwamba kunde peke yake itamlisha mtu huko. Ninachosema ni kwamba mtambo huja wa pili. Kwanza ni mbegu inayoweza kusamehe kosa la fundi, na mbegu hiyo haitengenezwi kwa usiku mmoja. Kuna watu waliochagua na kuhifadhi, msimu baada ya msimu, hata mwaka wa njaa walipotamani kuila.

Mama bado anahifadhi zake kwenye chupa, amezichanganya na jivu kuzuia wadudu. Nilipokwenda mara ya mwisho nilihesabu, aina tatu. Susu alikuwa na zaidi, na hakuna anayekumbuka majina ya zile nyingine.

Kwenu wamehifadhi mbegu gani? Waulizeni wazee mapema. Tuonane wakati mwingine.