Ushindakitini, Si Tabia Bwete

Mabango ya afya ya Tanzania yamekwisha kuizoea: tabia bwete, yaani kuketi muda mrefu bila kujongea. Hutajwa pamoja na pombe, tumbaku na chumvi nyingi, miongoni mwa mambo yanayoleta kisukari, shinikizo la juu la damu na maradhi ya moyo. Imepita kwenye kalamu za watu wengi, wakiwamo wenye shahada za lugha, na hakuna aliyeshtuka.

Ilifaa washtuke. Bwete ni ndugu wa kubweteka, na kila msomaji wa kurasa za michezo anajua nani hubweteka: timu iliyofunga bao la mapema, ikaanza kupigiana pasi za madaha. Kubweteka ni uzembe wa mtu aliyeridhika. Sasa mkata tiketi anayefungiwa kibandani stendi tangu alfajiri, asiyeweza kwenda hata msalani mpaka mwenzake aje kumpokea, ameridhika na nini? Anayempima sukari kisha akamwambia ana tabia bwete amemtukana kwa Kiswahili sanifu.

Waingereza na Wafaransa walilichota neno lao la hali hiyo kwenye Kilatini, katika kitenzi sedere, yaani kuketi. Uvivu haumo. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa jina la rais katika lugha hizo, yule anayeketi mbele ya wengine, na Kiswahili kilifika hapohapo kwa njia zake kilipompa kiongozi wa kikao jina la mwenyekiti. Mwaka 1700 tabibu Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha huko Modena kitabu cha maradhi ya wafanyakazi. Humo aliwatengea sura washona nguo na washona viatu, akawaita kwa neno la Kilatini lililojengwa juu ya jina la kiti, akawashauri wanyooshe viungo angalau siku za mapumziko. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, basi, tabibu aliona kiti na akakitaja. Kamati za istilahi za siku hizi, ambazo haziendi popote bila viti, zimeshindwa kukiona.

Wapo waliojaribu kurekebisha kwa kupendekeza ukaaji. Nia njema, neno bovu. Kukaa kwa Kiswahili ni kubeba mzigo wa lugha nzima: mtu hukaa Tabata, mjane hukaa eda, nguo humkaa mtu vizuri, na mgeni huomba kibali cha ukaazi. Onyo la daktari kwamba ukaaji wa muda mrefu ni hatari litamfanya mgonjwa afikirie kuhama mtaa.

Kitenzi kinachohitajika kipo, na watu wanakitumia kila jioni wanapoulizana wameshindaje. Kushinda ni kuumaliza mchana katika hali fulani au mahali fulani. Mkulima ameshinda shambani, mtoto ameshinda na njaa, karani ameshinda kitini. Saa, mahali na hali vyote vimo, wala hakuna anayelaumiwa. Kutoka hapo hadi ushindakitini ni hatua moja tu, na njia ilikwisha kufyekwa na mlalahoi, aliyetupa ulalahoi bila idhini ya kikao chochote. Mwenye hali hiyo ni mshindakitini, wakiwa wengi ni washindakitini.

Mwandishi wa makala haya alipoliwasilisha neno hilo mbele ya wajuzi fulani wa lugha, mmoja alicheka akasema mshindakitini ni mbunge mteule. Mzaha ule ungekuwa na uzito kama neno lingekuwa mshindakiti. Kiambishi -ni kimewekwa makusudi kuzuia hilo: aliyeshinda kiti anaapishwa, aliyeshinda kitini anaumwa kiuno. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anayelipwa posho kwa ajili ya viambishi anahitaji kuelezwa.

Tuje kwenye ushahidi, maana istilahi nzuri huonyesha kisababishi. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, walioshinda kwenye usukani, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Basi lilikuwa lilelile na barabara zilezile. Dereva hakuwa bwete, kwani asipofanya kazi yeye basi haliendi.

Ushahidi mzito zaidi uko Tanzania kwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi ulikuta kwamba wakiwa macho hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa nchi za viwanda, na bado dalili za maradhi ya moyo kwao ni haba. Katika sehemu ya mapumziko hayo huchuchumaa au kupiga magoti, na vipimo vilionyesha misuli ya miguu ikifanya kazi zaidi katika kuchuchumaa kuliko kitini. Kwa kipimo cha tabia bwete Wahadza wangehesabiwa hatarini. Kitini, misuli mikubwa ya mapaja na matako hulegea, ikachota sukari kidogo kwenye damu. Kimeng'enya cha kuvunja mafuta hupungua nguvu, na damu hutuama kwenye mashavu ya miguu.

Wala ushindakitini si kukosa mazoezi, jambo ambalo tabia bwete hulichanganya moja kwa moja. Mhasibu anayekimbia alfajiri kisha akashinda ofisini ni mwanamichezo na mshindakitini kwa siku ileile. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni 1 ulionyesha kwamba anayekaa zaidi ya saa 8 huhitaji dakika 60 hadi 75 za mwendo wa wastani kila siku ili hatari ile ya ziada ya kufa mapema iondoke.

Anayeshinda kitandani akiperuzi simu? Naye ni mshindakitini kwa upanuzi wa maana. Lugha hufanya hivyo kila siku.

Matumizi: «Kazi yako ina ushindakitini mkubwa, inuka mara kwa mara utembee dakika mbili, hasa baada ya kula.»