Fahamu: Maswali ya Wasimamizi wa Mifumo Kigoma Kuhusu Kuhamisha Data za Umma

Mkazi wa Ujiji anayefuatilia hati ya kiwanja chake, au mgonjwa anayerejea kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, hana haja ya kujua taarifa zake zimo katika diski ipi. Anachohitaji ni kuzikuta. Lakini diski huchakaa na hujaa, na hufika wakati taasisi ikalazimika kuhamishia data katika seva mpya au katika kituo cha data cha Serikali. Yafuatayo ni maswali ambayo wasimamizi wa mifumo huuliza kabla ya kazi hiyo.

Je, kuhama kutachukua muda gani?

Hesabu hii hufanywa kwanza, ingawa wengi huiruka. Terabaiti 2 zikipitishwa katika mtandao wenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, bila kazi nyingine yoyote, huchukua zaidi ya siku 9. Kwa megabiti 100 ni takribani saa 45. Kwa ofisi ya mwambao yenye mtandao dhaifu, diski iliyosafirishwa kwa gari au boti yaweza kufika mapema zaidi, na hakuna aibu katika hilo. Sharti ni kwamba data ziwe zimefungwa kwa usimbaji, diski ikabidhiwe kwa maandishi, na data asilia zibaki ofisini.

Je, huduma zisimame?

Si kwa siku zote hizo. Nakala kubwa huchukuliwa mfumo ukiendelea kufanya kazi. Kisha hunakiliwa mabadiliko tu yaliyotokea baadaye. Mfumo husimamishwa kwa saa chache, usiku, kwa nakala ya mwisho. Wananchi watangaziwe mapema.

Tutajuaje kuwa kila kitu kimefika?

Hapa ndipo haraka huleta hasara. Idadi ya mafaili kulingana pande zote mbili haitoshi, kwa kuwa faili lililoharibika nalo huhesabiwa. Kila faili hukokotolewa namba ya uthibitisho kabla na baada ya kuhama. Namba zikitofautiana, faili hurudiwa. Kisha watumiaji wenyewe, kama mhasibu au mtunza kumbukumbu, wafungue taarifa wanazozifahamu. Seva ya zamani isiguswe hadi hapo.

Diski mbili zinazonakiliana si nakala rudufu?

La. Diski moja ikifa, ya pili huokoa kazi. Lakini taarifa ikifutwa kwa bahati mbaya, hufutika kote kuwili papo hapo. Utaratibu unaokubalika ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na jengo. Kwa Kigoma jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kufikia majengo ya ukingoni, na kwa miaka mingi mkoa uliishi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa. Seva zisiwekwe ghorofa ya chini karibu na maji, na ziwe na betri ya kuzizima salama umeme unapokatika.

Nani anahusika kisheria?

Miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma huratibiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaitaka taasisi kuzilinda taarifa za watu na kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi usalama wake unapovunjwa. Kupotea kwa diski njiani ni tukio la namna hiyo.

Diski za zamani zifanyweje?

Kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa uamuzi wa ofisi pekee. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeweka utaratibu. Kufuta kwa kawaida hakuondoi data, kwani programu maalumu huweza kuzirejesha. Diski iandikwe upya yote au ivunjwe mbele ya mashahidi, na namba yake iingizwe katika daftari la mali pamoja na tarehe.