Kibaba Mfukoni: Kabla ya Jeli, Watu Walikula Nini Njiani?

Mwaka jana nilizimika kando ya barabara ya Garissa, karibu na Kithimani, nikirudi nyumbani Kiganjo kutoka Matuu. Sikuanguka, wala tairi haikupasuka. Nilizima tu, vile simu huzima. Miguu ilikataa, mikono ikaanza kutetemeka, na hata kuchagua gia ikawa hesabu ngumu. Nilikuwa nimebeba jeli moja ya michezo niliyonunua shilingi 350, na hiyo nilikuwa nimeimeza kitambo, asubuhi, pale Kilimambogo.

Kulikuwa na mama mmoja akiuza viazi vitamu vya kuchemsha na chai kwenye kibanda. Aliniangalia nikikaa chini kama gunia.

"Kijana wangu, hiyo baiskeli ulinunua pesa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na leo umekula nini?"

Nikanyamaza. Akanipa viazi viwili, chumvi kwenye karatasi, na kikombe cha chai yenye sukari ya kutosha watu watatu. Shilingi 50 zote. Nusu saa baadaye nilikuwa kwenye baiskeli tena, naona barabara vizuri, na mpaka Thika sikusimama.

Tangu siku hiyo swali lake halijanitoka. Nimekuwa nikisoma na kuuliza: hawa watu wetu waliosafiri mbali kabla ya jeli na pakiti za kung'aa, walikuwa wanakula nini? Nilichopata si hadithi tamu ya "wazee walijua kila kitu". Ni historia ya nani anaamua kinachoingia tumboni mwa mtu anayefanya kazi ngumu. Wacha niieleze.

Tuanze na methali mliyokariri darasani: haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu tuliambiwa ni habari ya kuweka akiba. Sawa, lakini kibaba kilikuwa kitu cha kushika mkononi. Kilikuwa kipimo cha nafaka, kama robo tatu za kilo hivi, na katika misafara ya karne ya 19 kibaba kimoja ndicho kilikuwa posho ya kawaida ya mpagazi kwa siku. Na mpagazi si mtu wa mchezo. Alibeba mzigo wa karibu kilo 30 kutoka Pwani hadi kwenye maziwa makuu, miezi na miezi, kwa miguu. Kama unatafuta wanamichezo wa kwanza wa masafa marefu Afrika Mashariki, usianzie Eldoret. Anzia kwa Wanyamwezi na Waswahili waliobeba pembe za ndovu na vitambaa.

Hao wapagazi walikuwa wanajadiliana kuhusu chakula. Posho ilikuwa sehemu ya makubaliano kama mshahara wenyewe. Mara nyingi walipewa nguo au shanga wakajinunulie chakula vijijini. Mkubwa wa msafara akipunguza posho, watu waligoma, ama unaamka asubuhi unapata mizigo iko na wabebaji hawapo. Walijua kitu nilichojifunza Kithimani kwa aibu: bila chakula hakuna safari, na anayetembea ndiye anajua anahitaji nini.

Sasa tukuje nyumbani. Misafara iliyokuwa inaelekea Uganda na ziwani ilikuwa na sehemu moja ya mwisho ya kujaza magunia kabla ya kuteremka Bonde la Ufa: nchi ya Wakikuyu. Joseph Thomson alinunua chakula upande wa Ngong mwaka wa 1883. Count Teleki akapita 1887. Kampuni ya Kiingereza ya IBEA ikaja na ngome Dagoretti mwaka wa 1890, kisha Fort Smith, na sababu kubwa ya ngome hizo ilikuwa hiyo hiyo: chakula. Maharagwe, mahindi, viazi vitamu. Kwa lugha ya leo, Kiambu ndiyo ilikuwa kibanda cha yule mama wa Kithimani, ila kwa watu mamia kwa wakati mmoja.

Mwanzoni ilikuwa biashara. Halafu watu wa kampuni wakaanza kuingia mashambani na kujichukulia, na urafiki ukavunjika. Waiyaki wa Hinga, aliyekuwa amewakaribisha, alikamatwa mwaka wa 1892 akapelekwa kuelekea Pwani, akafia njiani, Kibwezi. Tunamkumbuka kwa barabara na kwa nyimbo za mapambano, lakini kati ya vitu vilivyowasha huo moto kulikuwa na kiazi na gunia la maharagwe.

Hapa nitakula na kisu pande zote mbili, kwa sababu najua kuna mtu tayari anaandika "rudini kwa chakula cha asili". Asili ipi? Viazi vitamu, mahindi na njugu vilitoka Amerika, vikavuka bahari. Nduma chimbuko lake ni Asia. Tende zilikuja kwa majahazi kutoka Ghuba. Watu wetu hawakuuliza chakula kina pasipoti gani. Waliuliza kama kinashiba, kama kinabebeka, na kama hakiharibiki mapema. Hiyo ndiyo busara yenyewe, na haina uhusiano na kukataa vitu vya wageni.

Tena chakula cha "kwetu" kinaweza kuua. Nenda Nairobi, pita Kariokor ukinunua kiondo, halafu ujiulize hilo jina lilitoka wapi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wabebaji wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Dar es Salaam wako na Kariakoo yao, jina ni lile lile. Kuanzia 1914 wanaume wa Kenya walichukuliwa, na mwaka wa 1917 wakakusanywa kwa nguvu karibu kila wilaya, wakabebe risasi na unga wa jeshi lililokuwa likiwafukuza Wajerumani huko Tanganyika.

Kazi yao ilifanana na ya wale wapagazi wa zamani. Tofauti ilikuwa moja: hawakujadiliana. Posho iliamuliwa na ofisi. Mara nyingi ilikuwa unga wa mahindi, mtu anapewa baada ya kutembea siku nzima, jioni ya mvua, kuni mbichi, sufuria moja watu wengi. Wengi walitoka sehemu ambazo hawakuzoea kuishi kwa unga huo peke yake. Wakala ukiwa haujaiva. Tumbo likaharibika, wakaanza kuhara damu, na kuhara kukawaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya chini kabisa ya wabebaji waliokufa inapita 40,000. Kuna wanahistoria wanaoifikisha karibu 100,000.

Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka wa 1928, na mmoja wao ni mbebaji. Maandishi ya chini yanawataja wabebaji kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimesimama hapo mara kadhaa nikingoja matatu. Miguu na mikono, sawa. Tumbo je? Tumbo ndilo lililosahaulika, na ndilo lililowaua.

Kwa hivyo tofauti kati ya mpagazi wa msafara na mbebaji wa vita si aina ya unga. Mmoja alikuwa na sauti juu ya chakula chake, mwingine hakuwa nayo.

Sasa tuvuke bahari kidogo tuone hizi jeli zilitoka wapi. Mwaka wa 1924 madaktari wa Boston, Marekani, walipima damu ya wakimbiaji mwisho wa marathoni. Waliofika hoi walikuwa na sukari ya chini sana kwenye damu. Mwaka uliofuata wakimbiaji walipewa peremende njiani, na wakamaliza wakiwa na hali nzuri zaidi. Peremende tu, za dukani. Mwili una akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na ukikanyaga kwa nguvu akiba hiyo inaisha kwa kama saa mbili. Ikiisha, unakuwa mimi pale Kithimani.

Miaka mingi baadaye, Brian Maxwell, mkimbiaji wa marathoni kutoka Kanada, alichoka kuzimika namna hiyo. Yeye na wenzake wakaanza kuchanganya na kujaribu kipande chao cha chakula cha kubeba mkononi. Walifanyia wapi? Jikoni kwao, Berkeley, California. Mwaka wa 1986 wakaanza kuuza PowerBar. Mwaka wa 2000 Nestlé wakainunua kwa dola milioni 375.

Soma hapo tena. Chakula tunachouziwa kama sayansi ya maabara kilianza kama chakula cha nyumbani, cha mtu aliyejua mwili wake, kwenye sufuria yake. Sisi tumenunua pakiti, tukaacha tabia iliyoizaa.

Na sayansi yenyewe haitucheki. Mwaka wa 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji wakubwa wa Kenya wakiwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga. Ugali uliongoza, na sukari ya kawaida ilichangia karibu sehemu ya tano. Chai ya yule mama, yaani.

Mimi mwenyewe nina ushahidi wa nyumbani. Guka yangu alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, na kwa miaka alileta maziwa Thika kutoka upande wa Gatanga. Nilimuuliza cucu alikuwa anambebesha nini. Akanishangaa kama nimeuliza maji huwa na rangi gani. "Nduma, si unajua? Namfungia kwa jani la ndizi, anaweka kwa koti. Akifika mlima anakula, hangoji njaa." Hangoji njaa! Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ambayo makocha wa baiskeli huwalipisha watu pesa kuisikia.

Sasa mbona nalia na jambo hili? Kwa sababu naona vijana wa hapa Kiganjo, wengine wana baiskeli za mitumba walizotengeneza wenyewe, wakijitenga na safari za Jumamosi. Ukiwauliza wanasema mchezo huu ni wa wenye pesa. Wakiangalia video zetu, na zangu zikiwemo, wanaona helmeti, miwani na pakiti za 350. Safari ya saa tano kwa jeli peke yake inaweza kula elfu kadhaa. Hapo si miguu imemfungia mtu nje. Ni mfuko. Na sisi wa video tumesaidia kufunga huo mlango kwa kuonyesha pakiti kana kwamba bila hiyo huwezi kufika Makutano.

Basi hii ndiyo ninayobeba siku hizi. Chukua tende robo kilo, toa kokwa. Njugu zilizokaangwa, kikombe kimoja, zitwange zisiwe unga kabisa. Simsim vijiko vinne, ikaange kidogo mpaka inukie. Asali vijiko viwili, chumvi nusu kijiko cha chai. Ponda yote pamoja kwa mkono, finyanga vidonge 15, viache usiku kucha mahali pa baridi. Kila kimoja kina kama gramu 15 za wanga. Mwili kwenye safari ndefu unataka gramu 30 hadi 60 kwa saa, kwa hivyo vidonge viwili na nusu kiazi kitamu kilichochemshwa na chumvi vinakutosha kwa saa moja. Usizidishe njugu, zina mafuta mengi na zinachelewa tumboni ukiwa kwenye mlima. Na jeli ikipatikana, kula. Si dhambi. Kwa mwendo mkali wa mashindano, inaingia haraka kuliko kiazi.

La muhimu ni kula mapema na kidogo kidogo, kila nusu saa, hata kama husikii njaa. Haba na haba. Mwalimu alitufundisha methali, hakutuambia ilikuwa na kibaba cha kweli ndani yake.

Mjaribu, mbadilishe, mniambie kwenu mnatumia nini. Mtu wa Pwani anilete kashata, mtu wa Busia aje na simsim yake, tupimane. Ila kabla ya kununua pakiti nyingine, muulize kwanza aliye mkubwa nyumbani kwenu alikuwa anabeba nini njiani.

Jumamosi naenda Matuu tena. Nitasimama pale kwenye kibanda nikirudi, nimeshiba, nimpe yule mama jibu la swali lake. Na chai nitakunywa hata hivyo.