Pedali ya Papa: Sauti Iliyoanza na Kifaa Kibovu

Mwezi huu zamu ya kuandika historia imeniangukia mimi. Wengi mnategemea vita au wafalme. Hapana. Naandika juu ya kile kisanduku cha chuma ambacho Papa, mpiga gitaa wetu, anakikanyaga kwa mguu.

Kwa wasiojua: pedali inakaa kati ya gitaa na ampli. Ya Papa ni aina inayoitwa fazi. Inachukua sauti safi ya gitaa na kuikwaruza mpaka inavuma kama spika iliyopasuka. Haina hata jina la kiwanda, rangi imeisha. Papa alivuka nayo mpaka ikiwa imefungwa ndani ya shati. Vitu vingine vyote vilibaki nyumbani.

Wiki tatu kabla ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, pedali ikaanza kusumbua. Asubuhi inalia vizuri. Mchana inakatika-katika, kisha inakufa kabisa. Mimi ndiye ninayeshika orodha ya vifaa vya vijana. Nikachukua kalamu, nikaandika: "mbovu". Nikamwambia Papa tutaomba nyingine. Akaniangalia kidogo, akasema: "Mutoto, uliifungua?"

Sikuwa nimeifungua.

Nikapanda gari mpaka Kigali, nikashuka Sonatubes. Mnaopajua mnajua: ile njia panda kubwa ya Kicukiro, yenye jina la kiwanda cha mabomba, gari za kutoka Remera, Rwandex na Kicukiro zinakutana hapo. Nilikuwa nimeelekezwa kwa fundi mmoja wa redio karibu na hapo. Akaisikiliza, akacheka: "Kaka, hii kitu ilitengenezwa ili iharibu sauti. Sasa wewe unajuaje kama imeharibika?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Niliporudi nikatafuta historia yake, na kumbe fundi alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua.

Mwishoni mwa mwaka 1960, mjini Nashville, Marekani, mwimbaji Marty Robbins alikuwa anarekodi wimbo unaoitwa "Don't Worry". Mpiga gitaa Grady Martin alipofika kwenye sehemu yake, transfoma moja ndani ya meza ya kurekodia ilikuwa imeharibika. Sauti ikatoka imekwaruzika. Wangeweza kurudia. Wakaiacha hivyo, na mwaka 1961 wimbo ukapendwa sana. Wanamuziki wengine wakaitaka sauti ile ile. Lakini kifaa kibovu hakiharibiki kwa ratiba yako. Kwa hiyo fundi mitambo wa studio, Glenn Snoddy, akatengeneza pamoja na mwenzake kisanduku cha transista cha kufanya kosa lile kwa kukusudia. Kampuni ya Gibson ikakiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwanzoni hakikutoka sana madukani. Mwaka 1965 Rolling Stones wakakitumia kwenye "Satisfaction", na dunia nzima ikataka fazi.

Sauti hiyo ilifika kwetu pia. Miaka ya 1970 vijana wa Zambia, jirani na Lubumbashi, walichanganya fazi na midundo yao. Muziki wao ukaitwa Zamrock: bendi ya WITCH, Amanaz, Paul Ngozi. Na Kinshasa kulikuwa na mzee Mawangu Mingiedi wa Konono N°1. Yeye hakungoja pedali ya dukani. Alitengeneza maikrofoni za likembe kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani. Sauti ikatoka imekwaruzika. Hawakuificha, wakaifanya kuwa muziki wao, na albamu yao Congotronics ya 2004 ikasikika mpaka Ulaya.

Sasa turudi kwenye meza ya fundi. Nawaandikia hatua zake, maana zinafaa kwa redio pia.

Kwanza, betri mpya ya volti 9, bila kuchomeka umeme wa ukutani. Fazi nyingi za zamani zimepinduliwa: upande wa chanya ndio umeungwa na bodi ya chuma. Ukichomeka adapta ya siku hizi bila kuangalia, unaweza kuunguza vitu ndani.

Pili, bila kukanyaga, sauti ya gitaa inapita? Ilipita. Basi waya na jeki ni nzima.

Tatu, alitikisa jeki, akazungusha vitufe, akaangalia kila kiungo cha risasi kama kimepasuka, akasugua kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri.

Nne, alipima transista ya pili. Ikiwa sawa, mita inaonyesha karibu nusu ya betri, kama volti 4.5. Ilionyesha hivyo. Akasema: "Nzima. Rudi nayo."

Nikarudi nayo kambini. Saa saba mchana, ikafa tena. Nilikasirika, nikasema fundi amenidanganya. Kumbe mimi ndiye sikumwambia jambo kubwa kuliko yote. Safari ya pili aliniuliza: "Inakufa saa ngapi?" Nikasema mchana, ndani ya ukumbi, chini ya mabati. Akanyamaza. Akasogeza chuma cha kulehemu karibu na transista, bila kugusa. Mita ikaanza kuhama. Sauti ikakatika. Akapuliza kwa mdomo, akangoja. Sauti ikarudi.

Transista za pedali ile ni za jemani, madini yaliyotumika kwenye transista nyingi za zamani. Jemani haipendi joto: ikipata moto inavujisha umeme, na kipimo kinatoka katikati. Ndiyo maana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wengi walihamia silikoni, inayovumilia zaidi.

Fundi akasema: "Naweza kuweka silikoni, hutasumbuka tena. Lakini haitalia hivi. Muulize mwenyewe." Nikampigia Papa simu. Akasema ziachwe. Basi fundi akatoa rizista moja isiyobadilika, akaweka ndogo ya kugeuza kwa bisibisi. Joto likipanda, unaigeuza kidogo mpaka kipimo kirudi katikati. Kazi ya nusu saa. Akaniambia pia pedali ikae kivulini, mbali na ukuta wa mabati.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, naomba neno moja. Orodha zetu zina safu mbili tu: "nzima" na "mbovu". Mimi mwenyewe niliijaza haraka. Pedali haikuwa mbovu. Ilikuwa imetengenezwa kwa hali nyingine, ikawekwa chini ya mabati ya moto, na hakuna aliyeuliza inakufa saa ngapi. Papa angenijibu siku ya kwanza. Nilimuuliza kila mtu isipokuwa yeye.

Tarehe 20 Juni zamu ya bendi iliangukia saa saba kamili, jua kali. Papa akainama, akageuza bisibisi kama robo, akakanyaga. Ikalia.

Jioni nilifungua orodha, nikakata neno "mbovu", nikaandika: "Inafanya kazi. Haipendi joto. Muulize mwenyewe."