Injini ya boti haikungoja digrii

Wengi wetu tunadhani injini ya boti ni ya mainjinia. Historia inasema vingine. Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Wisconsin, Marekani, alianza kuuza yake 1909: silinda moja, nguvu ya farasi moja na nusu, kama kilo 28. Ufundi alijisomea mwenyewe. (Ndio, hapo nilitabasamu.)

Aina hiyo, ile ya kuchanganya oili na petroli, haina valvu kama za four-stroke, wala sampu. Mchanganyiko ukipita ndio unalainisha silinda na beringi za ndani. Kwa hivyo hata ikizama baharini unaiokoa mwenyewe, ila usilalie: ioshe kwa maji matamu, toa plagi, vuta kamba mpaka maji yaishe, safisha kabureta, tia oili kwa silinda, iwashe siku hiyohiyo. Ikikauka na chumvi, beringi zimeenda. Kamba ikikataa, usilazimishe, pengine konrodi imepinda.

Kanuni za Marekani za 1996 zilianza kuzisukuma nje, maana humwaga petroli isiyoungua majini. Hilo siwezi kulitetea. Lakini nyingi za kisasa hitilafu zake husomwa na kompyuta. Sasa mvuvi akikwama Kizingitini, nani anampelekea laptopu?