Bei ya Khiyari na Madeni ya Mashamba katika Unguja na Pemba

Neno hiari limezoeleka katika Kiswahili hata asemaye haulizi tena asili yake. Mtu hufanya jambo kwa hiari yake, yaani kwa kupenda kwake, pasipo kulazimishwa. Lakini katika hati za mashamba za Unguja na Pemba za karne ya 19 neno hilo hilo, kwa sura yake ya Kiarabu khiyari, lilikuwa na maana iliyo finyu zaidi, tena yenye hatari. Lilikuwa jina la mkataba. Mwenye shamba aliyehitaji fedha aliliuza shamba lake kwa bei ya khiyari, naye akabaki na haki ya kulirudisha kwa kulipa bei ile ile aliyopokea, mradi alipe kabla ya muda uliotajwa kupita. Muda ukipita naye hana fedha, khiyari imekwisha, na yale mauzo ya masharti yanakuwa mauzo kamili.

Katika muda huo mwuzaji hakuhama. Alilikodi shamba lake mwenyewe kutoka kwa yule aliyemwuzia, akakaa humo, akachuma karafuu zake na kulipa kodi kwa fedha au kwa mazao. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Sheria ya Kiislamu imeharimisha riba, lakini haikuharimisha kuuza wala kukodisha. Basi mambo mawili yaliyo halali, yakifungwa pamoja, yakatoa tunda la lile lililo haramu. Wanazuoni hawakukosa kuliona jambo hilo. Miongoni mwa Waibadhi wa Oman bei ya khiyari ilijadiliwa kwa ukali, na wako waliosema kuwa ni hila ya riba tu. Wala si Waomani peke yao waliokuwa nayo. Hadhramaut walikuwa na mauzo ya namna hii waliyoyaita bei ya uhda, nayo yakakubaliwa na mafakihi wa Kishafii wa huko; na dola ya Uturuki ilipokusanya sheria zake katika kitabu cha Mejelle, kati ya 1869 na 1876, mauzo yanayofanana na hayo yaliingizwa kwa jina la bei ya wafaa. Hivyo basi wale waliokopeshana Unguja hawakubuni jambo geni. Walichukua chombo kilichokwisha kutumika mahali pengi, wakakitia katika kilimo cha zao ambalo halikukifaa.

Kinyume cha bei ya khiyari, kwa Kiarabu cha Oman, kilikuwa bei ya qat', mauzo ya mkato yasiyo na marejeo. Msomaji wa Kiswahili atadhani kwamba hapa amekutana na kitenzi chake -kata. Mfanano huo ni wa bahati tu, kwa kuwa -kata ni neno la Kibantu tangu asili, nalo lapatikana katika lugha nyingi za bara zisizowahi kukutana na Waarabu. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba mkulima wa Pemba, akisomewa hati yenye neno hilo, hakusikia ndani yake kisu cha lugha yake mwenyewe.

Mkarafuu huchukua miaka kadhaa tangu kupandwa hata kuzaa, na ukiisha kuzaa hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja mavuno hujaa mpaka wachumaji hawatoshi, na miwili inayofuata huenda yasilipe hata gharama ya kupalilia. Mwenye shamba hutaka fedha kabla ya mavuno, kwa sababu ya ujira wa wachumaji, chakula, harusi na mazishi. Hati ya khiyari ilihesabu muda kwa miezi na miaka iliyotajwa, ambapo mti ulikwenda kwa hesabu yake. Mkopo wa misafara ya bara ulikuwa wa namna nyingine. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili yamechapishwa na kusomwa sana, alipewa mali na Taria Topan, akaenda nayo bara kwa miaka mingi. Dhamana yake ilikuwa sifa yake na pembe atakazorudi nazo. Muda ukizidi, mkopeshaji hakuwa na la kufanya ila kungoja. Mwenye shamba alikuwa na kitu kisichoweza kusafiri, na ndiyo maana fedha ilipatikana upesi kwa ajili yake.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi hatari hiyo ilibaki katika karatasi zaidi kuliko katika mashamba. Wakopeshaji wakubwa walikuwa Wahindi, wengi wao raia au watu wa himaya ya Uingereza, nao walikuwa na sababu ya kutotaka mashamba. Mwaka 1860 Balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha watu wa himaya hiyo kuwaacha huru watumwa wao. Shamba la mikarafuu la wakati huo lililimwa na watumwa. Basi mdai aliyelitwaa shamba la mdeni wake angepata miti bila ya mikono. Ilimfaa zaidi kumwacha mwenyewe mahali pake, kupokea kodi au karafuu, na muda ukifika kuandika hati nyingine yenye muda mpya. Deni liliweza kuendelea hivyo mpaka likarithiwa na watoto wa pande zote mbili. Mwenye shamba alikwisha kuzoea kwamba muda ulioandikwa si muda wa kweli.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza baadaye. Hati zenyewe ziliandikwa na makatibu kwa Kiarabu, kwa mtindo wa ikirari: fulani anakiri kwamba amemwuzia fulani shamba lake lililo mahali fulani, kwa riale kadha wa kadha, kwa khiyari ya muda kadha wa kadha. Hakuna neno ndani yake juu ya urafiki wa wawili hao, wala juu ya ahadi ya mdomo kwamba muda utasogezwa karafuu zikiharibika. Hati ilichukua sehemu ndogo tu ya mapatano, nayo ndiyo iliyohifadhiwa, maana Wahindi walikuwa wakizipeleka hati zao kuandikishwa katika ofisi ya Balozi wa Uingereza. Sura ya Al-Baqara ina aya mbili zilizo karibu juu ya jambo hili. Aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yaamuru deni la muda liandikwe na mashahidi wawepo. Aya ya 280, iliyotangulia kidogo, yaagiza mdeni aliye katika dhiki angojewe mpaka apate nafasi. Katika maisha ya mashamba aya zote mbili zilifuatwa pamoja, ya pili kwa kalamu na ya kwanza kwa mdomo. Katika daftari la Balozi iliingia ile ya kalamu peke yake.

Hapa yafaa kuangalia maneno. Kiswahili kina kitenzi -wia, kudai; mwia ni yule adaiye, na awiwaye ni yule mwenye deni. Pande mbili za jambo hutajwa kwa shina moja, moja kwa kutenda na moja kwa kutendwa, wala katika shina hilo hamna muda wala karatasi. Maneno mengine yote ya mkataba yametoka katika Kiarabu: deni, muda, hati, rehani, dhamana, muflisi. Isidhaniwe kwa hayo kwamba watu wa pwani hawakujua kuandikiana mpaka wafundishwe. Makadhi na makatibu walikuwako katika miji ya pwani tangu zamani za kale. Lakini lugha ya nyumbani na lugha ya baraza la hukumu zilikaa mbalimbali, na mdeni alizungumza na mdai wake kwa ile ya kwanza, kisha akahukumiwa kwa ile ya pili. Methali isemayo kwamba dawa ya deni ni kulipa haikutaja siku ya kulipa.

Mnamo Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mwaka uliofuata biashara ya watumwa kwa bahari ilikatazwa kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza. Mwaka 1890 nchi ikawa himaya ya Uingereza, na Aprili 1897 hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria, wenye watumwa wakiahidiwa fidia. Mwenye shamba sasa alipaswa kulipa ujira kwa fedha taslimu kwa kazi ambayo zamani hakuilipia, na fedha hiyo ilipatikana kwa kukopa. Kwa upande wa mdai, ile sababu ya kulikimbia shamba ilikwisha. Mikono ilikodiwa sokoni na yeyote mwenye fedha, awe Mwarabu, Mswahili au Mhindi.

Ndipo hati zilipoanza kusomwa na mahakimu wa Kiingereza. Haki itamkwe kwamba hawakuzisoma zote kwa kumwumiza mdeni. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 walizidi kuielewa bei ya khiyari kuwa ni rehani iliyovaa nguo za mauzo, na kwa sheria ya Kiingereza mweka rehani anaweza kuikomboa mali yake hata baada ya muda uliotajwa, maadamu mahakama haijamfungia njia. Kwa hiyo mdeni alipata kitu ambacho hati yake ilimnyima. Lakini pamoja na rehani ya Kiingereza ulikuja mnada wa mahakama, ambao katika bei ya khiyari haukuwako. Zamani shamba lilipopotea lilikwenda kwa mtu aliyejulikana, aliyeweza kuendewa na kuombwa. Mnadani lilikwenda kwa yeyote aliyetoa fedha, na bei ilipokuwa ndogo kuliko deni, mdeni alitoka bila shamba na bado anadaiwa kilichosalia. Kitenzi cha Kiswahili kwa kurudisha rehani ni -komboa, kile kile kilichotumika kwa kumnunulia mtu uhuru wake. Watu waliokuwa wakisema hivyo katika mwaka 1910 walikuwa bado wanakumbuka maana zote mbili.

Bei ya karafuu iliposhuka katika mdororo wa dunia ulioanza 1929, mambo yalifika ukingoni. Serikali ilileta wachunguzi, akiwamo Sir Alan Pim, ambaye taarifa yake ilitoka 1932, kisha Bartlett na Last walioandika juu ya madeni ya wakulima. Mwaka 1934 zikatolewa sheria kadhaa kwa mkupuo. Moja ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe watu wa mataifa mengine pasipo idhini ya Balozi Mkaazi, mfano wa sheria iliyokuwa imetumika Punjab tangu 1900. Nyingine ilihusu wakopeshaji fedha. Na ulipaji wa madeni ukasimamishwa kwa muda. Jina la ile sheria ya ardhi lilitaja mambo mawili kwa pamoja, uzuizi na ushahidi. Kwa jina hilo pekee yaonekana kwamba serikali ilikwisha tambua kuwa ugonjwa haukuwa katika ardhi tu bali pia katika yale yaliyoandikwa na yale yasiyoandikwa. Wadeni walilalamika tangu zamani kwamba fedha iliyotajwa katika hati haikuwa ile waliyohesabiwa mkononi, kwa kuwa faida ilikwisha tiwa ndani yake kabla wino haujakauka.

Kosa kubwa la sheria hizo lilikuwa kuligeuza jambo la mkataba kuwa jambo la kabila. Si kila mdai alikuwa Mhindi. Walikuwako Waarabu waliokopesha, na walikuwako Waafrika wa Pemba wenye vishamba vidogo waliodaiwa na majirani zao. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon mwaka 1934 kutazama hali, na malalamiko ya Wahindi wa Unguja yakafika mbali. Tena kulikuwa na matokeo ambayo wadeni wenyewe waliyahisi upesi: mkopeshaji asiyeweza kulishika shamba hakuwa na sababu ya kutoa fedha, na wachumaji walikuwa wangali wanadai ujira wao kila msimu. Mwenye shamba aliyeokolewa katika deni la zamani alijikuta hana wa kumkopesha kwa mavuno mapya. Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa 1927, kilipewa nafasi kubwa zaidi ili kuliziba pengo hilo, na mwaka 1937 kikapewa amri juu ya ununuzi wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma. India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikasusia karafuu za Unguja kwa kuungwa mkono na chama cha Congress. Na mapatano hayakupatikana mpaka Mei 1938. Mwaka huo huo ilitolewa sheria nyingine ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni.

Kwa mwenye shamba ilikuwa mara ya tatu katika muda wa miaka hamsini hivi kubadilishiwa mkataba wake na watu wengine. Kwanza khiyari yake ilifanywa rehani, kisha rehani ikasimamishwa, kisha ikapelekwa kwenye usuluhishi. Katika kila hatua palikuwa na nia njema kwa namna fulani, na katika kila hatua alitakiwa aonyeshe karatasi ambazo wengi hawakuweza kuzisoma.

Machi 1964, baada ya Mapinduzi, ardhi yote ya Unguja na Pemba ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na tangu 1965 wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Aliyepewa eka hizo alipewa kuzitumia, si kuziuza. Hati za khiyari zilizosalia, pamoja na daftari za mahakama, zimewekwa katika Nyaraka za Zanzibar. Nyingi zina saini ya Kigujarati chini ya mwandiko wa Kiarabu, na katika pengo baina yao lapatikana jina la mwuzaji, mara nyingi likiwa limeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake.